Muulizeni Mwenyewe, Msiiulize Barua

Wanangu, nimechoka, na sina haja ya kulificha hilo. Umri una sehemu yake, lakini kinachonichosha zaidi ni kuitwa wakati fedha imekwisha kuondoka. Mnakuja mmeshika vichwa: "Mzee, sasa tufanyeje?" Swali hilo lingekuwa na faida jana yake, saa nne asubuhi, kabla kidole hakijabonyeza. Basi leo nasema mapema. Nitasema polepole, nitarudia pale nitakapoona masikio yamelala, nanyi mtanivumilia kama mlivyonivumilia siku zote.

Kwanza acheni kucheka. Ujumbe wa simu ukiingia, "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani", mnaonyeshana na kuangua kicheko, mnaona tapeli mmeshamjua. Huyo mnayemcheka ni mvivu. Anarusha maelfu ya jumbe gizani akingoja mmoja umwangukie mtu ambaye kweli siku hiyo alikuwa na kodi ya kumtumia mwenye nyumba. Tapeli wa barua pepe ni mtu mwingine. Yeye anajua unafanya kazi wapi, bosi wako anaitwaje, anasafiri lini, mzigo wenu uko kwenye meli gani. Anaandika kwa adabu kuliko nyinyi. Na siku hizi, kwa hizi programu zinazoandika lugha yoyote utakayo, Kiswahili chake hakina doa na Kiingereza chake kimenyooka. Ile kanuni ya zamani ya kumtambua mwizi kwa makosa ya tahajia, izikeni.

Ninalotaka mlishike ni moja. Barua haiwezi kujitolea ushahidi. Ukitaka kujua kama ni ya kweli, muulize yule anayedaiwa kuiandika, na umuulize kwa njia uliyokuwa nayo kabla barua haijafika. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo, hata nikionekana nimepotea.

Mnaliona jina la mtumaji juu ya barua mnaliamini kwa sababu mnadhani kompyuta ndiyo iliyoliandika. Limeandikwa na aliyetuma. Kanuni za kupeleka barua pepe alizoziandika Jon Postel mwaka 1982, wakati mtandao ulikuwa wa watu wachache wa vyuo na maabara, hazikumtaka mtumaji athibitishe kuwa yeye ndiye. Ni kama bahasha za posta za enzi zetu: nyuma yake ungeweza kuandika sanduku la posta la Ikulu, ukabandika stempu, na barua ikafika. Baadaye wataalamu waliongeza vipimo vya kukagua barua imetoka kwenye mtambo gani, na vinasaidia sana. Uchafu mwingi unazuiwa bila nyinyi kuuona. Lakini vipimo hivyo vinakagua anwani, haviwezi kukagua nia. Mwizi akisajili anwani yake halali inayotofautiana na ya kampuni yenu kwa herufi moja, barua yake itavuka kila kizuizi ikiwa safi kabisa, kwa kuwa kweli imetoka pale inapodai imetoka.

Niwape mfano wa kazi ninayoijua. Mpaka nastaafu nilikuwa wakala wa forodha, na magari yaliyotumika kutoka Japani ndiyo yaliyotulisha wengi wetu pale bandarini. Mnajua inavyokwenda. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa amedunduliza miaka, anachagua gari mtandaoni, anaandikiana na muuzaji aliyeko Yokohama au Nagoya, anatumiwa proforma, yaani ankara ya awali, anakwenda benki kulipa kwa TT, yaani kuhamisha fedha kwenda akaunti ya muuzaji, kisha anaanza kuhesabu siku za meli. Muuzaji hajawahi kumwona, gari hajaligusa, kila kilicho kati yao ni barua pepe. Mwizi anaupenda uhusiano wa namna hiyo.

Naye haanzii siku ya malipo. Anaanzia nyuma sana, kwa barua ndogo isiyo na maana: kisanduku chako kimejaa, bofya hapa uongeze nafasi. Mmoja wao, mnunuzi au muuzaji, akabofya. Ukafunguka ukurasa unaofanana na ule anaouingia kila siku, akaandika nywila yake, ukurasa ukasema kuna hitilafu, jaribu baadaye. Akasahau. Hakuna kilichopotea siku ile, ndiyo maana hakuona sababu ya kumwambia mtu. Lakini mwizi ameshaingia. Anaweka agizo dogo kwenye mipangilio ya kisanduku, kwamba kila barua inayotaja ankara au malipo, nakala yake iende kwake. Kisha anakaa. Anasoma. Anajifunza muuzaji anavyomsalimia mteja, anavyotia sahihi, anavyochelewa kujibu siku za Jumatatu.

Siku proforma inapotoka, nyuma yake inafuata barua nyingine. Samahani, akaunti yetu ya kawaida iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipa kwenye hii. Mazungumzo ni yale yale, yanaendelea chini ya barua ya jana. Nembo ni ile ile. Namba ya chesisi ni yenyewe, hata rangi ya gari imetajwa. Ila tu akaunti mpya iko nchi nyingine kabisa, na anwani ya mtumaji, ukiitazama kwa miwani, ina r na n zilizobanana pale palipokuwa na m. Mnunuzi anakwenda benki, anajaza fomu, benki inatuma. Katika malipo mengi ya nje kinachoongoza fedha ni namba ya akaunti. Jina uliloandika juu yake si lazima likaguliwe. Baada ya muda mnunuzi anauliza meli imefika wapi, na muuzaji anauliza malipo yatakuja lini. Wanaanza kuitana wezi, wote wawili wakiwa wakweli. Nimeukalia ugomvi wa aina hiyo kama mpatanishi, na kila upande ulikuja na faili lake la karatasi.

Kilichohitajika ni simu moja. Tena kwa namba iliyokuwa kwenye proforma ya kwanza au kwenye tovuti ya muuzaji, kwa sababu ile ya barua ya pili ingepokewa na mwizi mwenyewe, kwa heshima zote. Mtu anatuma mamilioni ya shilingi halafu anaona dakika tatu za simu ya Japani ni ghali. Sijapata kuielewa hesabu hiyo.

Na msidhani hadaa hizi ni za kuwapata wasiokwenda shule. Kati ya mwaka 2013 na 2015 Mlithuania mmoja, Evaldas Rimasauskas, alizila kampuni za Google na Facebook zaidi ya dola milioni 120. Hizo ni kampuni zinazoongoza mtandao wenyewe, zenye wahandisi ambao nyinyi mngeomba tu kuwashika mkono. Alichofanya ni kusajili kampuni huko Latvia yenye jina sawasawa na la kiwanda kimoja cha kompyuta cha Asia kilichokuwa kikiwauzia mitambo kweli, akafungua akaunti za benki, akaanza kuwatumia ankara kwa barua pepe. Ankara zikaambatana na mikataba na barua za kughushi, na juu yake mihuri ya kughushi. Sisi tunaouabudu mhuri tuisome kesi hiyo mara mbili. Alikiri kosa mahakamani New York mwaka 2019 na kufungwa miaka 5. Walimlipa kwa sababu walikuwa wanadaiwa kweli na mtu mwenye jina hilo. Deni lilikuwa halisi, akaunti ndiyo iliyokuwa ya uongo, na hakuna aliyeinua simu kukiuliza kiwanda.

Kisa cha Benki Kuu ya Bangladesh ni kikubwa zaidi, na kilianza kwa huruma. Mapema mwaka 2015 wafanyakazi wa benki hiyo walipokea barua za mtu anayetafuta kazi, mpole, ameambatanisha kiungo cha kufungulia wasifu wake. Nani kwetu asiyemhurumia kijana anayetafuta kazi? Wachache wakafungua, na kwa mlango huo wadukuzi wakaingia kwenye kompyuta za benki, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Februari 2016 wakatoa maagizo ya kuhamisha takribani dola milioni 951 kutoka akaunti ya Bangladesh iliyoko Benki ya Hifadhi ya Shirikisho, New York. Mengi yalizuiwa. Agizo moja la dola milioni 20 lililokwenda Sri Lanka lilikwama kwa sababu aliyeliandika alikosea herufi katika jina la taasisi ya kupokea, na hapo ndipo mtu wa benki ya njiani akashtuka akauliza. Dola milioni 81 zilifika Ufilipino na nyingi zikamezwa na nyumba za kamari. Gavana alijiuzulu mwezi uliofuata.

Ninachotaka mkitazame hapo ni kalenda. Walianza Alhamisi usiku. Ijumaa na Jumamosi kule Dhaka, Bangladesh, ni mapumziko. Dhaka waliporudi kazini Jumapili, New York ilikuwa imelala wikendi yake. Jumatatu Manila, Ufilipino, ilikuwa sikukuu, mwaka mpya wa Wachina. Kila aliyeweza kuuliza alikuta upande wa pili umefunga ofisi. Na kwetu ni vivyo hivyo: barua ya malipo ya dharura itawafikia Ijumaa saa kumi jioni, au mkesha wa Idi, au tarehe ya mwisho ya mwezi mhasibu akiwa na mishahara shingoni. Barua inayowataka mlipe haraka siku ambayo hamwezi kumpata mtu wa kumuuliza, iacheni ilale mpaka siku ya kazi. Deni la kweli halifi kwa kulala siku mbili.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, na ambalo labda mzee hapaswi kulisema. Tumewalea kwa shikamoo. Tumewafundisha kwamba mkubwa akisema, mdogo anatenda, na kumhoji mkubwa ni utovu wa adabu. Sijutii malezi hayo. Nyumba bila heshima ni genge. Lakini mwizi ameyasoma malezi yetu kuliko tulivyojisoma wenyewe. Anajua kwamba karani wa uhasibu akipata barua yenye jina la mkurugenzi, "Niko mkutanoni, siwezi kupokea simu, lipa hii sasa hivi na usimwambie mtu, ni ya siri", yule karani hatainua simu. Ataona haya. Ataogopa kuulizwa, "Kwani hujui kusoma?" Atalipa kwa adabu.

Wala si kwetu tu. Kampuni ya FACC ya Austria, inayotengeneza sehemu za ndege za Airbus na Boeing, ilipoteza takribani yuro milioni 50 kwa namna hiyo hiyo. Barua ilikuja kwa jina la mkurugenzi mkuu, ikimwagiza mtu wa fedha apeleke malipo kwa ajili ya mradi wa siri. Kampuni ilitangaza hasara hiyo Januari 2016. Mei ya mwaka ule bodi ikamwondoa mkurugenzi mwenyewe, ambaye barua hakuiandika. Fikirini hilo, nyinyi mliokwisha kuwa mabosi. Mlijenga ofisi ambayo mtu anaogopa kukupigieni simu, na woga huo ndio uliofungua sefu.

Kwa hiyo nasema kama mzee wenu: kumpigia mkubwa simu kumuuliza, "Samahani mzee, hii barua ni yako?" ndiyo heshima yenyewe. Unalinda jina lake lisitumiwe na mwizi. Na wewe bosi, tangaza mbele ya watu wote, siku ya utulivu, kwamba hakuna atakayekaripiwa kwa kukupigia kuulizia malipo, hata saa sita usiku, hata ukiwa Hija. Halafu usikaripie. Ukikaripia mara moja tu umefuta tangazo lote. Weka pia utaratibu kwamba akaunti mpya, au akaunti iliyobadilishwa, hailipwi mpaka watu wawili wameidhinisha na mmoja wao amezungumza kwa sauti na anayelipwa.

Kuzungumza kwa sauti, nako kuna sharti lake. Mwaka 2024 tawi la Hong Kong la kampuni ya uhandisi ya Arup lilipoteza dola milioni 200 za Hong Kong, karibu milioni 25 za Marekani. Mfanyakazi alipokea barua kwa jina la mkuu wa fedha aliyeko Uingereza na, sifa zake, aliitilia shaka. Lakini akaalikwa kwenye mkutano wa video. Akaingia, akamwona mkuu wa fedha, akawaona na wenzake wengine, wanazungumza kama anavyowajua. Shaka ikamtoka, akalipa. Wale wote waliokuwa kwenye kioo walikuwa picha na sauti zilizotengenezwa na kompyuta. Mtu huyu aliuliza, ndiyo, ila aliuliza kwenye mlango aliofunguliwa na mwizi. Angefunga kompyuta na kumpigia mkuu wake kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, kisa kingeishia hapo. Ndiyo maana nasema na narudia: njia ya kuuliza uwe nayo wewe kabla, usipewe na barua.

Zipo barua nyingine zisizo za ofisini, na hizo nazipitia haraka kwa sababu mnazijua. Ya mamlaka ya kodi inayokudai leo leo, ya benki inayosema akaunti itafungwa ndani ya saa 24, ya kazi ya mshahara mnono Qatar au Kanada inayotaka kwanza ada ya vipimo vya afya, ya ufadhili wa masomo ambao hukuuomba. Ile ya kazi ndiyo inayonikera zaidi, maana inawala waliokwisha kuliwa na njaa. Mwajiri wa kweli anakulipa wewe. Ukiona unaanza kwa kumlipa, na tena kwa simu ya mtu binafsi, mwachie kazi yake.

Barua yoyote kati ya hizo ikifika, usipite kwenye kiungo kilichomo ndani yake. Kama ni benki, fungua programu ya benki unayoitumia siku zote, au nenda tawini. Kama ni kodi, andika mwenyewe anwani ya mamlaka, herufi kwa herufi. Machi 2016 John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, alipata barua iliyojifanya ya Google ikimwambia kuna mtu anaijua nywila yake, aibadilishe mara moja. Wasaidizi wake hawakukurupuka. Walimuuliza mtaalamu wa kompyuta wa kampeni. Mtaalamu akajibu kwamba barua ni halali, na baadaye akaeleza kuwa alikusudia kuandika si halali. Lakini katika jibu lile lile aliwapa pia anwani sahihi ya Google ya kubadilishia nywila. Wangepita huko, kosa lake la maneno lisingewadhuru hata kidogo. Kilichobofywa ni kiungo cha kwenye barua. Maelfu ya barua zake yakamwagwa hadharani kuanzia Oktoba, wiki chache kabla ya uchaguzi.

Jifunzeni pia kuisoma anwani ya tovuti, kwa sababu mwizi anategemea mnasoma kutoka kushoto na kuridhika mapema. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina, kisha urudi nyuma yake kushoto: mwenye tovuti yuko hapo, mwishoni. Anwani inaweza kuanza na jina la benki yako, ikafuatiwa na co.tz kwa unyenyekevu wote, halafu ikaendelea na nukta na kuishia kwenye uhakiki-haraka.com. Mwenyewe ni huyo wa mwisho. Yaliyotangulia ni mapambo aliyoyaandika apendavyo. Taasisi za serikali ya Tanzania zinaishia na go.tz, za Kenya go.ke, na mwizi hawezi kusajili jina chini ya hizo kirahisi kama anavyosajili .com. Na ile kufuli ndogo juu ya ukurasa haina maana mnayoipa. Inasema tu kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo hayasikilizwi njiani. Ukizungumza na mwizi kwa siri, bado unazungumza na mwizi, na vyeti vya kufuli hiyo hupatikana bure tangu mwaka 2015.

Kuhusu nywila, nimewasikia mkijigamba kwamba mnayo moja nzito na mnaitumia kila mahali. Basi mwizi akiipata mahali pamoja anazo zote. Tumieni programu ya kutunza nywila, ikutungieni tofauti kwa kila akaunti. Ina faida nyingine watu hawaisemi: ukifika kwenye ukurasa bandia, macho yako yatadanganyika lakini programu haitaijaza nywila, kwa kuwa anwani si ile inayoijua. Ikikataa kujaza, usiilazimishe, ondoka hapo.

Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, angalau kwenye barua pepe, maana mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za mengine yote. Lakini ile namba ya siri inayotumwa kwa simu si hirizi. Ukiiandika kwenye ukurasa bandia, mtambo wa mwizi unaipeleka kwenye ukurasa wa kweli sekunde hiyo hiyo, naye anaingia. Kinga bora zaidi ni ufunguo unaoshikana na tovuti yenyewe, ule mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta, au ule unaowekwa ndani ya simu ukafunguliwa kwa alama ya kidole. Huo hauwezi kukabidhiwa kwa tovuti nyingine hata mwenyewe ukitaka. Google iliwapa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 funguo hizo mwanzoni mwa 2017, na mwaka uliofuata ikasema hakuna akaunti ya kazi ya hata mmoja wao iliyotekwa kwa hadaa. Tena mara moja moja fungueni mipangilio ya kisanduku chenu mwangalie kama kuna agizo la kupeleka nakala za barua kwa mtu msiyemjua. Wengi hawajawahi kupafungua pale maishani.

Naona wapo wanaonitazama kwa jicho jingine, wanaomwonea wivu mwizi. Mnazo picha za yule Mnigeria aliyejiita Hushpuppi, Ramon Abbas, na magari yake ya Dubai. Barua za hadaa ndizo zilizoyanunua. Alikamatwa huko huko Dubai Juni 2020 na mwaka 2022 mahakama ya Los Angeles ikampa miaka zaidi ya 11. Picha za gerezani hazipakiwi mtandaoni, ndiyo maana hamzioni.

Nimalizie na aibu, kwa sababu aibu imeiba zaidi ya wadukuzi. Mtu akishalipa, akagundua, anakaa na siri yake siku tatu akitafuta namna ya kumwambia bosi. Anajaribu kumwandikia mwizi amrudishie. Anasali. Siku tatu hizo ndizo fedha inahitaji kupita kwenye akaunti tatu na kutolewa taslimu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sijui mahali inapofaa zaidi ya hapa. Malipo ya nje yana saa chache ambazo benki yako bado inaweza kuiandikia benki ya upande wa pili izuie. Baada ya hapo utabaki na namba ya jalada la polisi. Kwa hiyo dakika ile ile unapogundua, piga simu benki, omba wayarudishe malipo, na uandike jina la aliyekupokea. Badilisha nywila ukitumia kifaa kingine, utoke kwenye akaunti zako zote. Waambie wateja na wauzaji wenu, maana huenda mwizi anawaandikia sasa hivi kwa jina lako. Kisha nenda polisi na barua zenyewe. Msizifute kwa hasira, ndizo ushahidi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018 inayoitaja hadaa hii waziwazi, na zote mbili zinahitaji mtu aliyelalamika mapema. Zile jumbe za simu mnazozicheka, Tanzania mnaweza kuzituma kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa namba 15040 badala ya kuzitumia kama kichekesho.

Na nyinyi ndugu na mabosi wa aliyetapeliwa, msimzomee. Mkimzomea huyu, atakayefuata atanyamaza, na kunyamaza kwake mtakulipia nyinyi.

Basi kesho mkifika kazini, kabla ya kufungua barua hata moja, chukueni daftari la karatasi. Andikeni humo namba ya simu ya kila mnayemlipa, kila muuzaji, benki yenu, mkurugenzi wenu, mzipate kutoka kwao wenyewe wakati hakuna anayewaharakisha. Na yangu iandikeni. Siku mkiona barua pepe ya kwangu inaomba hela, nipigieni kwanza. Nikichelewa kupokea, ngojeni nipokee.